Komeo lililofunguliwa mapema: uchambuzi wa ajali ya VSS Enterprise, 2014

Tarehe 31 Oktoba 2014, saa 4 na dakika 7 asubuhi kwa saa za California, ndege mama WhiteKnightTwo ilikiachia chombo cha anga cha VSS Enterprise juu ya jangwa la Mojave, kwenye kimo cha futi 46,400 hivi, yaani kilomita 14 na ushee. Sekunde mbili baadaye injini ya roketi iliwashwa. Sekunde 13 tangu kiachiwe, chombo kilisambaratika hewani. Mabaki yake yalitapakaa kwenye eneo la maili 5, takriban kilomita 8, karibu na ziwa kavu la Koehn. Rubani msaidizi, Michael Alsbury, alifariki. Rubani, Peter Siebold, alijikuta nje hewani bila suti ya kukinga mgandamizo, akafika ardhini akiwa hai lakini ameumia vibaya.

Enterprise kilikuwa chombo cha kwanza cha aina ya SpaceShipTwo, chenye viti viwili vya marubani na nafasi ya abiria sita. Kilijengwa na kujaribiwa na kampuni ya Scaled Composites kwa ajili ya Virgin Galactic, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kupokea fedha za mamia ya watu waliotaka kwenda kuona weusi wa anga kwa dakika chache. Tiketi ilikuwa imepanda kutoka dola 200,000 hadi dola 250,000. Siku ya ajali hapakuwa na abiria ndani. Hii ilikuwa safari ya nne ya majaribio kwa nguvu ya roketi.

Jibu la haraka, lile ambalo watu wengi bado wanalikumbuka, ni kwamba rubani msaidizi alivuta wenzo kabla ya wakati. Ni kweli, alivuta. Ila Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB), ilipotoa uamuzi wake Julai 2015, haikuweka chanzo cha ajali mkononi mwake. Ilikiweka kwa kampuni iliyounda chombo, kwa kushindwa kufikiria kwamba kosa moja la binadamu linaweza kukiangamiza, na kwa kutoweka kinga dhidi ya kosa hilo. Tofauti ya majibu haya mawili ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa hadi leo: jibu la kwanza linaishia kwa marehemu, la pili linagusa kila chombo kinachoendeshwa kwa mkono huku kimebeba watu waliolipa.

Unyoya, na kwa nini una makomeo

Kurudi kutoka juu ndiko kunakotisha zaidi. Chombo kinaanguka kutoka mahali pasipo na hewa ya kutosha kukishika, kinaongeza kasi, kisha kinakutana na hewa nzito kwa ghafla. Kikiingia kwa pembe mbaya, kinapinduka au kinavunjika. Burt Rutan, mwasisi wa Scaled Composites, alilitatua hilo kwa njia ambayo ni vigumu kutoistaajabia: akaufanya mkia ukunjike. Sehemu yote ya nyuma, mihimili miwili yenye mapezi, huinuka juu kwa pembe ya digrii 60 hivi. Chombo kinashuka tumbo likiwa chini, kinajiweka sawa chenyewe kama kile kipira chenye vinyoya cha badminton, ambacho hata ukikirusha vipi hugeuka na kutanguliza kichwa. Kwa kuwa kinapunguza kasi mapema, hewa ikiwa bado nyepesi, hakihitaji ngao nzito ya joto. Mfumo huo unaitwa unyoya. Ndio uliofanya kazi kwenye SpaceShipOne, chombo kilichotwaa tuzo ya Ansari X ya dola milioni 10 mwaka 2004, na SpaceShipTwo wakaurithi.

Unyoya una hatua mbili. Kwanza makomeo yanafunguliwa kwa wenzo mmoja, kazi ya rubani msaidizi. Kisha, kwa vishikio vingine, pistoni zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa huuinua mkia. Kufungua makomeo peke yake hakukusudiwi kuusogeza mkia hata sentimita moja. Pistoni zinatakiwa kuubakiza chini mpaka amri ya pili itolewe.

Neno la kushika hapo ni “zinatakiwa”. Pistoni ziliundwa ziwe na nguvu ya kuinua na kuteremsha mkia kwenye hewa nyepesi ya juu, na ya kuushikilia chini katika sehemu tulivu za safari. Hazikuundwa kuushikilia pale chombo kinapokaribia na kuvuka kasi ya sauti. Hapo kazi yote ni ya makomeo. Chukua mlango wenye komeo la chuma na kibanio kidogo: siku ya utulivu kibanio kinatosha, siku ya tufani ukilitoa komeo, mlango unakwenda na upepo.

Tufani yenyewe iko kati ya Mach 0.8 na Mach 1.2 hivi. (Mach 1 ni kasi ya sauti.) Katika ukanda huo hewa inayopita juu ya baadhi ya sehemu za chombo tayari inakwenda kasi kuliko sauti, na inayopita sehemu nyingine bado. Mawimbi ya mshtuko yanajijenga na kuhama, mgandamizo unabadilika ghafla kutoka sehemu moja ya bawa hadi nyingine, na kitovu cha nguvu za kunyanyua kinarudi nyuma. Wakati huohuo rubani anaielekeza pua juu ili chombo kipande karibu wima. Kwa pamoja, nguvu za hewa na za mwendo zinausukuma mkia wa SpaceShipTwo kwenda juu, yaani upande uleule unaofungukia unyoya. Kasi ikishavuka Mach 1.4 msukumo huo unakuwa umepungua kiasi cha pistoni kuweza kuumudu.

Kwa nini makomeo yafunguliwe wakati wa kupaa?

Msomaji makini atauliza: kama unyoya unahitajika wakati wa kushuka tu, kwa nini makomeo yasifunguliwe huko juu kabisa, injini ikiwa imezimwa na hakuna hewa ya kusukuma chochote?

Jibu ndilo kiini cha kisa. Tuseme makomeo yamekwama. Ukiligundua hilo ukiwa kilomita 80 au zaidi juu, umechelewa: utarudi na mkia ulionyooka, na chombo hakikuundwa kuingia hewani hivyo kutoka kimo hicho. Ukiligundua ukiwa bado chini, unaizima injini, unaelea kama nyiririko, ndege isiyo na injini, na kutua Mojave ukiwa salama. Kwa hiyo utaratibu ulisema makomeo yafunguliwe yapatapo Mach 1.4, na yasipofunguka kabla ya Mach 1.8 safari ikatishwe.

Ni hoja nzuri. Walichukua hitilafu ya mtambo (komeo kukwama) na kuiwekea kinga ya kiutaratibu (fungua mapema, ujihakikishie). Ila kinga hiyo ikazaa hatari mpya ambayo haikuwapo: sasa kuna mkono wa mtu unaogusa makomeo katikati ya kupaa, sekunde chache tu baada ya ukanda ambamo kuyagusa ni kifo. Na tazama mafunzo yalivyoegemea upande mmoja. Kuchelewa kulikuwa na kikomo kilichoandikwa, kulikuwa na amri ya kukatisha safari, na marubani walikifanyia mazoezi. Kuwahi hakukuwa na kengele, hakukuwa na kizuizi, na ndani ya kitabu cha marubani hakukuwa na onyo linalosema waziwazi kwamba ukifungua kabla ya hapo chombo kitavunjika. Wachunguzi walipotafuta mahali ambapo hatari hiyo iliandikwa, walipata barua pepe moja ya mwaka 2010 na wasilisho moja la 2011. Miaka mitatu au minne kabla ya ajali.

Mtu aliyefundishwa kwamba kosa ni kuchelewa, akibanwa na muda, atakosea kwa kuwahi.

Sekunde 13, kwa karibu

Baada ya injini kuwaka, rubani msaidizi alikuwa na kazi tatu mfululizo, zote za kichwani kwa sababu hakuna muda wa kusoma karatasi: kutamka “Mach 0.8” ili kumwandaa rubani kwa mtikisiko wa kuvuka kasi ya sauti, kusoma kwa sauti mahali vilipo vidhibiti vya mkia rubani anapovirekebisha, kisha kufungua makomeo kasi ikifika Mach 1.4.

Alitamka 0.8. Kamera iliyokuwa ndani ya chumba cha marubani pamoja na data za safari vinaonyesha kwamba mara tu baada ya hapo alitamka kwamba anafungua, akausogeza wenzo. Kazi ya kwanza na ya tatu zikagusana. Ya katikati haikupata nafasi, na kasi ilikuwa bado chini ya ile ya sauti. Rubani, mikono na macho yake yakiwa kwenye kukiongoza chombo, hakujua kwamba makomeo yamekwisha kufunguliwa. Utaratibu haukumtaka athibitishe lolote kabla wenzo haujaguswa.

Hakuna aliyevuta vishikio vya kuinua unyoya. Hakukuwa na haja: mkia ulizishinda pistoni, ukainuka wenyewe, na chombo kilichokuwa kinasukumwa mbele na roketi kikajikunja dhidi ya hewa nzito. Mwili wa nyuzi za kaboni haukuundwa kuhimili mzigo huo.

Kwa nini mtu mzoefu akosee hivyo? NTSB ilitaja mambo ambayo yeyote aliyewahi kuendesha mtambo chini ya shinikizo atayatambua. Muda ulibana. Kulikuwa na mtetemo mkali na mgandamizo wa mwendo ambao Alsbury hakuwa ameuhisi kwa siku za karibuni: safari yake ya awali kwa roketi ilikuwa ya kwanza kabisa ya chombo hicho, Aprili 2013, miezi 18 nyuma. Katikati alifanya mazoezi kwenye simuleta, lakini ile simuleta haikutetemeka wala kumkandamiza mtu kitini. Unaweza kuirudia hatua mara nyingi ukiwa umetulia kitini, mwili ukaijua vizuri, halafu siku mwili huohuo unapotikiswa ukapoteza kipimo cha muda. Mtetemo unafanya namba kwenye skrini zisomeke kwa taabu, na sekunde mbili zikahisiwa kama tano.

Mshukiwa wa kwanza hakuwa na hatia

Siku mbili za mwanzo karibu kila mchambuzi aliitazama injini. Ilikuwa na sababu. Kwenye safari hii ndipo ilipotumika kwa mara ya kwanza hewani fueli mpya ya jamii ya nailoni badala ya ile ya mpira, ikiunguzwa kwa naitrasi oksaidi. Na naitrasi oksaidi ilikuwa na historia chungu pale Mojave: mwezi Julai 2007 jaribio la kukipitisha kimiminika hicho kwenye vali, bila hata kuwasha moto, lililipuka na kuua wafanyakazi watatu.

Lakini kufikia tarehe 2 Novemba wachunguzi walikuwa wameyaona matangi na injini ardhini, na hapakuwa na dalili ya kupasuka wala kutobolewa na moto. Huo ni ushahidi wa aina ambayo haitaki maabara: injini iliyolipuka inaonekana. Kilichobaki ni mkia, na picha ya ndani ya chumba cha marubani ikamaliza ubishi.

Kosa lililokuwa kwenye karatasi

Ili kupata kibali cha majaribio, kanuni za Marekani zinaitaka kampuni ifanye uchambuzi wa hatari: iorodheshe kila linaloweza kwenda mrama, madhara yake, uwezekano wake, na kinga. Kanuni inataja makosa ya binadamu kwa jina.

Scaled Composites waliuona unyoya kufunguka bila amri wakati wa kupaa kuwa ni janga. Hilo hawakulikosea. Walipokokotoa njia za kulifikia janga hilo, waliingiza hitilafu za mitambo. Kwa binadamu, walichukulia kwamba rubani atafanya hatua sahihi kwa wakati sahihi. Kosa lake lilitazamwa pale tu anapokuwa anajibu hitilafu nyingine iliyotangulia. Rubani anayekosea tu, bila kuchokozwa na chochote, hakuwa na kisanduku kwenye mchoro.

Angalia hilo linavyofanya hesabu. Kwenye karatasi mkia unalindwa na ngao mbili, makomeo na pistoni, na ili ufunguke wenyewe lazima zote zishindwe. Ukizidisha uwezekano mdogo kwa uwezekano mdogo unapata namba ndogo sana, ya kufurahisha. Ila katika ukanda wa kasi ya sauti pistoni hazikuwa ngao hata kidogo. Ngao ilikuwa moja, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Uwezekano wa mtu aliyefunzwa vizuri kukosea hatua moja ndani ya sekunde chache za msukosuko si namba ndogo ya kufurahisha; ni namba ambayo wahandisi wa ndege za abiria hawakubali hata siku moja isimame peke yake kati ya safari na maangamizi.

Hapa ndipo hukumu yangu inapokuwa kali kuliko ya wengi. Kampuni ile ilikuwa na marubani wa majaribio wa daraja la juu, na hilo likageuka kuwa udhaifu: kadiri unavyomwamini aliye kitini, ndivyo unavyoacha kumuundia kinga. Wahandisi na marubani walikuwa watu wa karakana moja, wanaofahamiana, na jambo ambalo kila mtu analijua halikupata wa kuliandika.

Na aliyekuwa akikagua?

Kitengo cha safari za anga za kibiashara cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ndicho kilichotoa kibali, mwaka 2012, na kukihuisha 2013 na 2014. Wataalamu wake waliliona pengo. Waliona kwamba uchambuzi wa hatari haukutimiza sharti la makosa ya binadamu na lile la programu za kompyuta. Badala ya kuurudisha ukarekebishwe, Julai 2013 FAA ilitoa msamaha wa masharti hayo, tena msamaha ambao Scaled Composites yenyewe haikuuomba. Ulirejewa kwenye uhuishaji wa 2014.

NTSB ilieleza mazingira ya uamuzi huo, na si hadithi ya rushwa wala uzembe wa mtu mmoja. Sheria inaipa FAA siku 120 kuamua ombi la kibali cha majaribio, na kulikuwa na msukumo wa kumaliza ndani ya muda. Maswali ya kiufundi ya wataalamu yalichujwa na wakubwa kabla ya kufika kwa kampuni, na mengine hayakufika. Aliyesoma michoro hakuzungumza moja kwa moja na aliyeichora. Chini ya yote kulikuwa na swali la mipaka: FAA kisheria inalinda umma ulioko ardhini, si walio ndani ya chombo. Kwa hiyo swali la makomeo lilipoulizwa, ofisini ilikuwa rahisi kusema “hilo ni la usalama wa safari yao, si la umma”. Mstari huo unachorwa vizuri kwenye karatasi. Kwenye chombo chenye uzito wa tani kadhaa kinachomwagika kwa kilomita 8, haueleweki.

Bodi ilitoa mapendekezo kumi, manane kwa FAA na mawili kwa shirikisho la kampuni za safari za anga. Mengi yalihusu hayohayo: mwongozo wa namna ya kuchambua makosa ya binadamu, wakaguzi kuizoea kampuni wanayoikagua, mazungumzo kuanza mapema kabla michoro haijakauka.

Aliyenusurika

Siebold alitupwa nje akiwa bado amefungwa kwenye kiti. Akiwa anaanguka alijifungua mkanda, na parachuti ikafunguka yenyewe kwa kifaa kinachohisi kimo. Bila kifaa hicho kidogo, chenye kazi moja tu, kisa hiki kingekuwa na vifo viwili na ushahidi pungufu. Uokoaji haukuwa mzuri vile: NTSB ilisema helikopta zilizokuwapo zingeweza kutumika vizuri zaidi. Kwenye safari ya majaribio helikopta inapaswa kuwekwa karibu na mahali chombo kinapotarajiwa kupita, rubani wake akiwa ndani na anasikiliza redio, kabla ya ndege mama kupaa.

Marekebisho, na ugumu wake

Kinga ziko za daraja tofauti, na hazilingani. Ya chini kabisa ni onyo na mafunzo. Juu yake ni kumhusisha mtu wa pili: wenzo hauguswi mpaka mwingine asome kasi na kukubali. Juu zaidi ni kizuizi cha kimakanika ambacho hakijali nani anasema nini. Ya juu kabisa ni kuiondoa hatari yenyewe, kwa mfano kuweka pistoni zenye nguvu ya kuushikilia mkia katika kila kasi. Hiyo inaleta uzito, na kwenye roketi kila kilo inakula kimo.

Virgin Galactic, ambayo baada ya ajali ilichukua majaribio mikononi mwake, ilichagua kizuizi. Chombo cha pili, VSS Unity, kiliwekewa kifaa kinachozuia wenzo wa makomeo kusogezwa katika vipindi vya hatari, na kitabu cha marubani kikaongezewa onyo na utaratibu wa kuthibitishana.

Usilichukulie hilo kuwa jambo jepesi la kuongeza pini. Kizuizi kinachokwama kikiwa kimefunga kinakurudisha kwenye hatari ileile iliyosababisha makomeo yafunguliwe mapema: uko juu na unyoya haufunguki. Kinachokwama kikiwa wazi kinakurudisha 2014. Kwa hiyo mbunifu analazimika kuamua kishindwe upande gani, kisha ahakikishe marubani wanaliona kosa mapema kiasi cha kuzima injini na kurudi. Kikomo cha kukatisha safari kinabaki na kazi yake. Tofauti ni kwamba sasa mlango umefungwa pande zote mbili za dirisha la muda, wa kuwahi na wa kuchelewa.

Unity kilivuka kilomita 80 kwa mara ya kwanza tarehe 13 Desemba 2018. Kilianza safari za kulipiwa Juni 2023 na kustaafishwa baada ya safari ya Juni 2024. Katika safari zake zote za anga unyoya uliinuka ulipoamriwa.

Kulinganisha kidogo kunasaidia. Tarehe 12 Septemba 2022 roketi ya New Shepard ya kampuni ya Blue Origin, bila watu ndani, ilipata hitilafu zaidi ya dakika moja baada ya kuruka: bomba la kutolea moto la injini lilishindwa kuhimili joto. Kompyuta ilihisi, roketi ya dharura ikaing’oa kapsuli, nayo ikatua kwa parachuti. Hakuna mkono wa mtu uliohusika. Wapo wanaohitimisha kwamba basi marubani waondolewe. Siafiki moja kwa moja, kwa sababu kompyuta pia huandikwa na watu wanaosahau visanduku kwenye michoro, na ndiyo maana sharti lile jingine lililosamehewa 2013 lilihusu programu. Lakini mfumo wa kuokoa unaofanya kazi bila kumwuliza mtu una sifa ambayo Enterprise haikuwa nayo: kosa moja, la yeyote, halimalizi safari na maisha kwa pamoja.

Karatasi ya kutia saini

Sheria ya Marekani haimwiti mteja “abiria”. Inamwita mshiriki wa safari ya angani. Neno hilo lina uzito. Tangu 2004 Bunge la nchi hiyo limeizuia FAA kuweka kanuni za kuwalinda walio ndani ya chombo, isipokuwa kumetokea kifo, jeraha kubwa au tukio la kuhatarisha maisha. Zuio hilo, linaloitwa kipindi cha kujifunza, limesogezwa mbele mara kadhaa na sasa linafika Januari 2028. Badala ya kanuni kuna ridhaa: kampuni inalazimika kumweleza mteja kwa maandishi hatari zinazojulikana, rekodi ya usalama ya aina hiyo ya vyombo, na kwamba serikali haijakithibitisha chombo kuwa salama kubeba watu. Kisha inalazimika kumpa nafasi ya kuuliza maswali kwa mdomo.

Nafasi hiyo itumike, na kisa hiki kinaonyesha cha kuuliza. Ni hatua zipi katika safari ambazo mtu mmoja akikosea, chombo kinapotea? Kwa kila moja, kinachomzuia ni nini: chuma, mtu wa pili, au karatasi? Marubani wa safari hii waliruka kwa roketi lini mara ya mwisho, nje ya simuleta? Je, kuna sharti lolote la kibali au leseni ambalo kampuni imesamehewa, na ni lipi? Mwaka 2014, majibu ya kweli ya maswali hayo manne yangekuwa: makomeo ya unyoya, hakuna, miezi 18 iliyopita kwa mmoja wao, na ndiyo, lile la makosa ya binadamu.